Nani Ameipima Mizani?

Makala ya leo naianza kwa kukiri kosa.

Miaka michache iliyopita niliketi katika jopo la kusikiliza kazi za wanafunzi wa mwaka wa mwisho. Wawili kati yao walikuwa wameandika, kila mmoja kwa juhudi zake, programu ya kompyuta inayocheza sataranji, mchezo ambao vijana wetu wengi wanauita chesi. Jopo lilihitaji kipimo cha kuamua programu ipi ni bora, na kwa kuwa mimi ni mwalimu wa takwimu, jukumu la kukiandika kipimo hicho liliniangukia. Nilichagua njia rahisi yenye sura ya kitaalamu: mikao 24 ya majaribio. Kila programu ingeonyeshwa mkao mmoja wa kete ubaoni, ingepewa dakika mbili za kufikiri, kisha tungeangalia kama hatua iliyoichagua ndiyo iliyoandikwa katika karatasi ya majibu. Programu ya kwanza ilipata 17. Ya pili ilipata 12. Tukatoa alama, tukatia saini, tukaenda kunywa chai.

Wiki mbili baadaye, Jumamosi jioni, mwandishi wa ile programu ya pili alinifuata nyumbani kwangu Nyakato akiwa na kompyuta ya mkononi kwapani. Hakuja kulalamika. Alinishikamoo, akaketi barazani, akaniomba jambo moja: "Mwalimu, naomba tuziache zicheze."

Tukaziacha zicheze. Tulichagua mianzo 100 tofauti ya mchezo, na kila mwanzo ukachezwa mara mbili kwa kubadilishana nyeupe na nyeusi, ili asiwepo wa kusingizia bahati. Kila upande ulipewa dakika moja kwa mchezo mzima. Kwa bahati njema umeme haukukatika usiku ule. Alfajiri, makondakta wa daladala za Buzuruga walipoanza kuita abiria, michezo yote 200 ilikuwa imekwisha. Programu "dhaifu" ilikuwa na alama 121. Ile "bora" ilikuwa na 79.

Yule kijana hakusema neno. Aliikunja kompyuta yake, akaaga, akaenda zake. Mimi nilibaki barazani na karatasi yangu ya mikao 24, nikiitazama kama mtu anayeitazama hati aliyoitia saini bila kuisoma. Nikajiuliza swali ambalo ningepaswa kujiuliza kabla ya kuketi kwenye lile jopo: nani aliipima mizani yangu?

Hoja yangu leo ni kwamba mikao ya majaribio haipimi kwa uhakika nguvu ya mchezaji. Inapima uwezo wa kujibu mikao ya majaribio. Mambo hayo mawili yana undugu, lakini undugu wa mbali, na taifa linaloyachanganya hulipa gharama kubwa kuliko alama za mwanafunzi mmoja.

Kipimo chenyewe na asili yake

Nisionekane ninampiga teke punda asiye na mwenyewe, acha nieleze kipimo hiki kilikotoka. Mwaka 1982 wasomi wawili, Ivan Bratko na Danny Kopec, walichapisha mkusanyo wa mikao 24 ya sataranji kwa ajili ya kulinganisha maarifa ya binadamu na ya kompyuta. Nusu ya mikao hiyo ilihusu mashambulizi ya ghafla. Nusu nyingine ilihusu usogezaji wa vitunda, zile kete ndogo za mstari wa mbele, kwa namna ya kuivunja safu ya mpinzani. Muda ulikuwa dakika mbili kwa kila mkao. Kabla na baada yao wapo walioutumia mkusanyo mwingine wa mikao 300 kutoka katika kitabu cha Fred Reinfeld, kilichoandikwa kwa ajili ya wanadamu wanaojifunza kushinda. Kwa miaka mingi mtu akiandika programu mpya, jambo la kwanza alilotangaza lilikuwa idadi ya mikao iliyofumbuliwa kati ya hiyo 300.

Waliobuni mikusanyo hii hawakuwa wajinga. Kompyuta za wakati ule zilikuwa za taratibu na za ghali, na kuchezesha michezo mia moja kwa muda wa mashindano kungechukua wiki kadhaa. Walitafuta njia ya mkato yenye mantiki. Kosa ni la sisi tuliokuja baadaye tukaigeuza njia ya mkato kuwa barabara kuu.

Kwa nini mizani hii inadanganya

Sababu ya kwanza ni uteuzi. Mkao unaoingia katika mkusanyo wa majaribio umechaguliwa kwa kuwa una jibu moja la kuvutia: malkia anatolewa kafara, farasi anaruka mahali pasipotarajiwa, mfalme ananaswa. Mchezo halisi hauko hivyo. Katika hatua arobaini za mchezo wa kawaida, nyingi zina majibu matatu au manne yanayokaribiana kwa ubora, na ushindi hutokana na kuepuka makosa madogo madogo, moja baada ya jingine, hadi mpinzani achoke kuyaepuka ya kwake. Uwezo huo wa uvumilivu hauna mkao wake katika karatasi ya majaribio, kwa sababu hauna hatua moja ya kushangiliwa.

Sababu ya pili ni kwamba mtihani unanong'ona jibu. Mtu akikuwekea mkao mbele yako na kukuambia "tafuta hatua bora", ameshakuambia siri kubwa kuliko zote, yaani kwamba ipo hatua ya kutafutwa. Ubaoni hakuna anayekugusa bega na kusema: sasa hivi, hapa, kuna jambo. Kutambua kwamba wakati umefika ni nusu ya ufundi. Wavuvi wa ziwa letu wanalijua hili. Ukimuuliza kijana ufukweni afanye nini upepo ukibadilika, atakujibu vizuri. Nahodha hupimwa na kuuhisi ule upepo kabla haujabadilika.

Sababu ya tatu ni mbaya zaidi, nayo ndiyo iliyonipata mimi. Kipimo kikijulikana, watu hujenga kwa ajili ya kipimo. Mwandishi wa programu ya kwanza alikuwa ameitafuta mikao ile mapema, kwa kuwa imechapishwa na iko wazi kwa kila mtu. Aliirekebisha programu yake ichunguze kwa kina zaidi kila hatua ya kutishia mfalme na kila kafara. Mafumbo yakafumbuka. Lakini muda unaotumika kuchunguza kafara ni muda unaoporwa kutoka kwa mambo mengine, na katika michezo ile 200 niliiona programu yake ikitoa kete zake sadaka kwa matumaini ya ushindi usiokuwepo. Siwezi kumlaumu. Hakudanganya. Alifanya lile tulilomfundisha tangu darasa la kwanza: tafuta maswali ya miaka iliyopita.

Sababu ya nne ni kwamba jibu sahihi linaweza kupatikana kwa hoja potofu. Programu inaweza kuichagua hatua iliyoandikwa katika karatasi kwa kuwa imeiona faida ambayo haipo, huku ile faida ya kweli ikiwa imeipita kando. Karatasi ya majibu haiulizi kwa nini. Inatia alama ya vema na kuendelea. Tena baadhi ya mikao hiyo mashuhuri, ilipochunguzwa na programu zenye nguvu za miaka ya karibuni, imeonekana kuwa na majibu mengine mazuri ambayo msahihishaji wa zamani hakuyaona. Wangapi walinyimwa alama kwa kuwa sahihi kuliko mwalimu?

Sababu ya tano ni hesabu tupu, na hapa ndipo aibu yangu ilipo, maana hesabu ndiyo kazi yangu. Mikao 24 ni michache mno. Kwa kanuni za kawaida za takwimu, programu inayofumbua karibu nusu ya mikao ya aina hiyo inaweza, kwa bahati ya uteuzi peke yake, kupanda au kushuka kwa karibu mikao mitano. Tofauti ya 17 na 12 niliyoitia saini ilikuwa ndani ya ukungu huo. Michezo 200, kwa upande mwingine, ina ukungu usiozidi asilimia 7 juu na chini. Kijana wa pili alikuwa amepata asilimia 60 na nusu ya alama zote. Hata ukimpunguzia kwa ukatili wote wa takwimu, bado alikuwa ameshinda.

Kipimo ni kucheza

Ulimwengu wa sataranji ulishalijua hili kwa wachezaji binadamu. Arpad Elo, profesa wa fizikia mzaliwa wa Hungaria aliyefundisha Milwaukee nchini Marekani, alibuni utaratibu wa kumpa kila mchezaji namba kutokana na michezo aliyocheza na nguvu ya aliocheza nao. Shirikisho la Marekani liliuchukua mwaka 1960, na lile la dunia mwaka 1970. Kwa utaratibu huo, anayemzidi mwenzake kwa pointi 200 anatarajiwa kuvuna takriban alama 76 katika kila 100. Hakuna anayepata namba hiyo kwa kujaza karatasi.

Jirani zetu wa Uganda wana mfano ulio hai. Phiona Mutesi, binti wa Katwe, Kampala, alifundishwa sataranji na Robert Katende katika mazingira ambayo mtihani wowote wa karatasi ungemhukumu mapema. Cheo chake cha ubingwa alikivuna kwa kucheza katika Olimpiadi ya sataranji ya Istanbul mwaka 2012, uso kwa uso na wachezaji wa mataifa mengine. Tangu asubuhi hadi jioni, ubao wenyewe ndio uliokuwa msahihishaji.

Kwa upande wa programu mambo yamekwenda mbali zaidi. Stockfish, programu huria iliyoanza mwaka 2008 na ambayo leo hakuna binadamu anayeiweza, tangu mwaka 2013 hufanyiwa mabadiliko kwa utaratibu mkali. Mtu akipendekeza badiliko, toleo jipya huchezeshwa na la zamani maelfu kwa makumi ya maelfu ya michezo, kwa kutumia kompyuta za watu wanaojitolea sehemu mbalimbali za dunia. Badiliko lisilofaulu katika michezo hukataliwa, hata likiwa limebuniwa na bingwa, hata likiwa na mantiki tamu. Kwa nini michezo mingi hivyo? Kwa sababu kutambua kwa uhakika tofauti ya pointi mbili tu kati ya programu mbili kunahitaji makumi ya maelfu ya michezo. Wenzetu hawa wamekubali unyenyekevu ambao sisi wenye mihuri tumeukataa, yaani kwamba ukweli mdogo unahitaji ushahidi mkubwa.

Lakini kwa nini niende mbali? Tazama bao letu, mashimo 32 na kete 64. Mtafiti Alex de Voogt alipotaka kuuelewa ubingwa wa bao, alikwenda kwa mafundi wa Zanzibar, na matokeo ya kazi yake yalichapishwa mwaka 1995. Uliza baraza lolote la wazee wanaocheza bao ni nani fundi wa mtaa. Hawatakuonyesha cheti. Watakuambia fulani alimfunga fulani, naye fulani kamfunga fulani, na wote wamekaa pale tangu Ijumaa mchana. Hata vijana wanaocheza drafti kwa vizibo vya soda pembeni ya barabara ya Musoma wanajua cheo kinavyopatikana: anayeshindwa anaondoka kwenye benchi. Elimu hii tulikuwa nayo barazani. Tuliipoteza tulipoingia ofisini.

Pingamizi ninaloliheshimu

Mwenzangu mmoja wa idara jirani, nilipomsimulia haya, alinipinga kwa hoja mbili, na haki inataka nizitaje.

Hoja ya kwanza: mikao ya majaribio ina faida. Nakubali bila kusita. Upo mkao maarufu, namba 70 katika kitabu cha Reuben Fine kuhusu miisho ya michezo, wenye wafalme wawili na vitunda vichache vilivyokwama. Programu inayokumbuka mikao iliyokwisha kuipitia huufumbua upesi. Programu isiyo na kumbukumbu hiyo huhangaika. Mwandishi akiuona mkao huo unaishinda programu yake, anajua mara moja penye ubovu. Huo ni uchunguzi wa tabibu, nao ni wa thamani. Lakini kipimajoto hakikuambii nani atashinda mbio za baiskeli kutoka Mwanza hadi Magu. Kinakuambia nani ana homa. Kosa langu halikuwa kutumia kipimajoto. Kosa langu lilikuwa kugawa medali kwacho.

Hoja ya pili: michezo mingi ni gharama, nasi ni watu maskini. Hii ndiyo hoja inayotuua. Michezo ile 200 iligharimu usiku mmoja, kompyuta moja na umeme wa barazani kwangu. Haikuhitaji mfadhili. Ilihitaji mtu wa kuuliza. Mara nyingi tunaposema hatuna uwezo wa kupima vizuri, maana yake ni kwamba hatuna nia ya kujua.

Kutoka ubaoni hadi darasani

Msomaji aliyenifuata hadi hapa ameshajua ninakoelekea. Programu za sataranji haziumii zikipewa alama isiyo yake. Watoto huumia.

Baraza la Mitihani la Tanzania lilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1973, na tangu hapo vizazi vyetu vimepangiwa maisha kwa mikao ya majaribio: maswali machache, siku chache, karatasi ya majibu iliyokwisha kuandikwa. Nini ushahidi kwamba mizani hii husema kweli daima? Mwaka 2012 serikali yenyewe ilikiri kwamba zaidi ya wanafunzi 5,000 walioingia kidato cha kwanza hawakujua kusoma na kuandika. Watoto hao walikuwa wamefaulu mtihani wa darasa la saba, mtihani ambao kwa sehemu kubwa ulikuwa wa kuchagua herufi. Ndiyo ile sababu yangu ya nne: jibu sahihi bila ujuzi. Katika herufi tano, asiyejua lolote hupata swali moja kati ya matano kwa kubahatisha.

Kisha yakaja matokeo ya kidato cha nne ya mwaka huo huo, yaliyotangazwa Februari 2013. Takriban watahiniwa sita katika kila kumi walipata daraja sifuri. Nchi ilitikisika, Waziri Mkuu akaunda tume, na Mei 2013 serikali ikayafuta matokeo na kuamuru yapangwe upya kwa utaratibu uliokuwa ukitumika kabla yake. Waliofaulu wakapanda kutoka karibu theluthi moja hadi zaidi ya asilimia 40. Tafadhali lisome jambo hili polepole. Watoto walikuwa wale wale. Karatasi walizoandika zilikuwa zile zile. Wino ulikuwa umeshakauka tangu mwaka uliotangulia. Kilichobadilika ni mizani, na mizani ilipobadilika maelfu ya vijana waligeuka kutoka waliofeli kuwa waliofaulu bila kuongeza neno moja katika ujuzi wao. Mwaka uliofuata tukaingia kwenye mfumo wa wastani wa pointi, na muda si mrefu tukarudi kwenye madaraja. Kama uzani wa gunia unategemea siku lilipopimwa, mwenye akili huacha kulitazama gunia, akaitazama mizani.

Na ile sababu ya tatu, ya kujenga kwa ajili ya kipimo? Pita barabara yoyote ya Mwanza mwezi wa Januari usome mabango ya shule. Mtoto anakaririshwa mitihani ya miaka kumi iliyopita, anafanya majaribio ya kata, ya wilaya na ya mkoa, na yule anayeonekana atashusha wastani anashauriwa kuhama kabla ya usajili. Januari 2023 Baraza la Mitihani liliacha kutangaza shule kumi bora na wanafunzi kumi bora, likieleza kwamba utaratibu ule ulikuwa kama kuzifanyia shule biashara. Nalipongeza kwa dhati. Lakini kuacha kuitangaza orodha hakutoshi ikiwa maisha ya mtoto bado yanapangwa kwa kipimo kile kile.

Najua pingamizi litakalonijia, nalo ni zito kuliko ya mwenzangu wa idara jirani. Watasema: mtihani wa taifa ndio ngao pekee ya mtoto wa mkulima. Ukiuondoa, ukampa mwalimu mamlaka ya kutathmini kazi za darasani, watapita watoto wa wakubwa na wapwa wa walimu. Hofu hii ni ya kweli. Sitaki mtihani ufutwe, kama vile sitaki mkao wa Fine utupwe. Nataka tukiri kwamba ni kipimajoto.

Na kuhusu hofu ya upendeleo, historia ya ziwa letu ina jibu. Mwishoni mwa miaka ya 1940 na mwanzoni mwa 1950 wakulima wa pamba wa Usukuma na Ukerewe waliona wanaibiwa kwenye mizani ya wanunuzi. Hawakudai mizani ifutwe, wala pamba ikadiriwe kwa macho. Waliweka wapimaji wao, watu wa kujitegemea, wasimame pale penye mizani na kuhakiki kila mzigo. Kutokana na vuguvugu hilo vikakua vyama vya ushirika chini ya uongozi wa Paul Bomani, na mwaka 1955 likaundwa Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria, mojawapo ya kazi kubwa kabisa ambazo Waafrika wamewahi kujijengea wenyewe. Yote hayo yalianza kwa swali la mkulima ambaye huenda hakujua kusoma: nani ameipima mizani?

Ninachodai

Nadai mambo manne. Kwanza, kazi halisi ya mwanafunzi, jaribio alilolifanya, barua aliyoiandika, hesabu ya duka aliyoifunga, iwe na uzito wa kweli katika hatima yake, na ihakikiwe na mpimaji wa nje asiyemjua, mithili ya wale wapimaji wa pamba. Pili, kila alama itangazwe pamoja na ukungu wake. Mtoto aliyekosa shule kwa alama moja aambiwe ukweli kwamba mizani yetu haiwezi kuiona tofauti ya alama moja. Tatu, tuache kuwalipa walimu sifa na fedha kwa mafumbo yaliyofumbuliwa, tuanze kuwafuatilia wahitimu wao baada ya miaka mitano: wanafanya nini, wanaweza nini. Huo ndio mchezo wenyewe. Nne, ofisi zetu zinapoletewa programu za akili mnemba za kufundishia watoto au kuhudumia wagonjwa, zikiwa zimebandikwa alama za juu zilizovunwa katika maswali ya kigeni yaliyotafsiriwa, mnunuzi aseme kama alivyosema yule kijana barazani kwangu: naomba tuziache zicheze. Zijaribiwe hapa, na watu wetu, kwa lugha yetu, kwa siku nyingi, kabla ya kutia saini.

Tangu usiku ule nimebadilisha mwongozo wa jopo letu. Programu za wanafunzi sasa huchezeshwa, michezo mingi, na mikao ya majaribio imerudi mahali pake pa haki: meza ya mwandishi anayetafuta ubovu. Nilimwandikia mkuu wa idara kuomba alama za wale vijana wawili zipitiwe upya. Nilijibiwa kwa upole kwamba matokeo yakishaidhinishwa hayafunguliwi.

Yule wa pili anatengeneza simu katika kibanda kidogo, mwendo wa dakika kumi kutoka kwangu. Nikipita hunisalimu kwa heshima ile ile. Mwezi uliopita nilimkuta kompyuta yake iko wazi kando ya simu zilizofunguliwa mgongo, programu yake ikicheza dhidi ya toleo lake jipya, mchezo baada ya mchezo, bila mtazamaji. Nilimuuliza imefika wapi. "Bado sijui, mwalimu," alinijibu. "Ni michezo elfu mbili tu mpaka sasa."

Mimi nilikuwa na uhakika baada ya mikao 24.